Mfarishi wa Vipande Mia Tatu na Sitini

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na yeye hakuchukia hata kidogo. Useremala aliufanya miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo hakuweka mlango ukakwaruza sakafu. Alikuwa anapima, anapima tena, kisha anavaa miwani na kupima mara ya tatu, huku mwenye nyumba kachoka kusimama. "Mzee, si banda la kuku tu hilo?" watu walimtania. "Kwani kuku hataki mlango unaofungika?" aliwajibu. Ndivyo alivyokuwa, na aliyevumilia hayo kuliko wote ni mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na chini ya meza lilikaa gunia. Kila nguo aliyowashonea watu wa nyumba ile, mabaki yake yaliingia mle: poplini ya sare za shule za watoto watatu, satini ya gauni la binti mkubwa alipoolewa, kodrai ya suruali ya kitinda mimba, flaneli ya nguo za wajukuu. "Nikipumzika nitashona mfarishi," alikuwa akisema. Alimaanisha lile tandiko nene la vipande vilivyounganishwa, lenye pamba katikati na shuka upande wa chini, la kujifunika watu wawili. Haba na haba, miaka thelathini, gunia likanenepa.

Mtu mmoja tu hakuwamo guniani. Milimita alikuwa na koti refu la kazi la drili ya kaki, alilolishona mkewe huyo huyo, na kila alipoombwa japo mkono mmoja uliochakaa alikuja juu. "Koti hili bado lina kazi!" Hata alipostaafu na kumwachia karakana mwanafunzi wake wa zamani, koti lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kila mwezi lilifuliwa na kupigwa pasi, eti huenda akaitwa. Hakuitwa. Nani amwite, naye akifika atakung'olea hata dirisha uliloridhika nalo?

Basi mapumziko yalipokuja, macho ya mke yakaondoka. Daktari alisema wazi kwamba hayatarudi; atabaki kuona mwanga na vivuli tu. Siku ile alipotoka kliniki, mama wa watu alilisukuma gunia kwa mguu. "Mpe mtu apangusie baiskeli," akasema.

"Ng'o!" Milimita alipaaza sauti mpaka mwenyewe akashtuka. "Mfarishi utashonwa. Nitaushona mimi."

"Wewe?"

"Mbao nimeziweza, tambara linishinde?"

Mkewe akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na Milimita alikuwa ameanza kuogopa kwamba vyote viwili vinakwenda pamoja. Alipokisikia kicheko kile aliapa moyoni kwamba mfarishi ule utalala juu ya kitanda chao, iwe isiwe.

Mke mwalimu akaketi kitini, mume mwanafunzi akasimama mezani. "Tuanze na kilicho rahisi," mkewe alisema. "Miraba mitupu, hakuna maua wala nyota. Piga pasi kwanza, maana kitambaa chenye makunyanzi kinadanganya futi. Mraba mmoja sentimita kumi. Kumi na nane kwa upana wa kitanda, ishirini kwa urefu."

Milimita hakuuliza zaidi. Alichonga kibao cha sentimita kumi kwa kumi, akakipiga msasa, akawa anakiweka juu ya kitambaa na kukata kwa kukifuata. Siku tisa alikata. Mkewe alipovipapasa vile vifurushi alitikisa kichwa. "Miaka yote nimeshona, sijapata kukata vikalingana namna hii." Loo, mzee alivimba kichwa wiki nzima!

Kuunganisha nako kukawa raha. Mkewe alipokea kila kipande, akakisugua kwa kidole gumba, akakitaja kabla ya kumpa. "Kodrai. Alichana goti siku ya kwanza tu, akaja kuniambia suruali imejichana yenyewe." Au: "Satini. Ulilia siku hiyo, ukasema ni vumbi la mbao." Milimita alikanyaga cherehani, vipande viwili vimetazamana uso kwa uso, na akizidisha mwendo mkewe aliusikia mlio. "Unakimbilia wapi? Kuna mvua?" Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho walizungumza mchana kutwa hivyo. Alikuwa na furaha, na hakuona haya kuisema.

Wiki ya nne uso wa mfarishi ukakamilika. Aliutandaza juu ya kitanda alichokiunda kwa mikono yake, akanyamaza.

"Mbona kimya?"

"Nauangalia."

"Hebu lala tuone." Akalala, akajifunika mpaka kidevuni. "Miguu imeingia?"

"Iko nje."

"Sogea juu basi."

"Nikisogea juu kichwa kitatoboa ukuta!"

Akainuka, akachukua futi, akapima mara tatu kama kawaida yake. Urefu umepungua sentimita thelathini, upana ishirini na saba. Yeye, Milimita! Alitamani ardhi ipasuke.

"Ile miraba," mkewe aliuliza taratibu, "uliikata kumi kamili? Hukuacha ya mshono?"

"Ulisema kumi, na kumi ni kumi."

"Jamani, baba watoto! Wewe ukikata ubao wa fremu, huachi ulimi wa kuingia kwenye tundu?"

Hapo ndipo alipoelewa, akakaa kitako sakafuni. Maisha yake yote alikuwa akiacha ulimi bila kuambiwa, maana kila seremala anajua. Na mkewe hakumwambia aache mshono, maana kila mshonaji anajua. Mishono ilikuwa imekimeza kila kipande pande zote nne, naye akikanyaga tu na kupiga soga.

Mkewe alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kitanda. Kisha akaingiza mkono guniani kutafuta cha kuongezea, mkono ukazunguka humo ndani, ukatoka mtupu. Kicheko kikakatika.

"Nitanunua kitambaa," Milimita akasema upesi.

"Sikuweka akiba miaka thelathini ili nimalizie na cha dukani. Maji yakimwagika hayazoleki. Si neno, utamfaa mtu mfupi." Akaenda kusimama dirishani, yeye ambaye hakuwa na cha kuona pale.

Siku mbili Milimita hakuikaribia cherehani. Kitu kimoja tu mwanamke yule alikuwa amekitaka kwa ajili yake mwenyewe, na mume ndiye aliyekikata kwa kibao kilichopigwa msasa.

Siku ya tatu alifunga mlango wa chumba ili atafute kofia yake, akakutana uso kwa uso na koti. Alilishusha, akalinusa. Lilinuka sabuni. Harufu ya mbao ilikuwa imekwisha zamani, naye alikuwa analinda nini? Akachukua mkasi.

"Unakata nini?" mkewe aliuliza kutoka sebuleni. "Gunia si tupu?"

"Nakata kitu."

"Pazia langu likiguswa, leo tutakosana!"

"Pazia halijaguswa, mama watoto."

Safari hii aliacha mshono, tena akautaja kwa sauti kila alipochora chaki. Aliuzungushia mfarishi ukingo pande zote nne, na koti lote likaisha, ikabaki kola. Wakatandaza shuka, pamba juu yake, kisha uso wa vipande. Kupiga bandi, ule mshono wa mkono unaoshika tabaka zote tatu, mkewe alifanya mwenyewe kwa kupapasa, Milimita akimtungia sindano. "Ila ukingoni usifike," alimwonya. "Huko niachie." Naye akaitikia, "Haya, fundi," kwa kejeli.

Alasiri moja ukawa tayari. Wakalala chali chini yake, mchana kweupe, kama watoto watoro.

"Miguu?"

"Imeingia. Na nafasi ya kuchezesha vidole."

Mkewe akaunyosha mkono kufuata ukingo. Kitambaa kigumu, kizito. Vidole vikapunguza mwendo. Vikafika mahali penye mfuko mwembamba, mrefu, wenye mshono maradufu mdomoni. Mshono wake mwenyewe, wa miaka ile alipokuwa anaona. Akaingiza kidole. Ndani mlikuwa na kipande cha penseli ya seremala, kimechongwa upya.

Akakitoa, akakikunjia kiganjani.

"Ulisema koti bado lina kazi," alisema.

"Si ndiyo kazi yake hiyo?"

"Na mfuko umeuweka upande wangu."

"Nilipima," akasema Milimita.