Moja, Mbili, Achia

Kukunja shuka la kituo ni kazi ya watu wawili, na anayesema anaweza peke yake hajawahi kulikunja likiwa na unyevu. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake ncha mbili kule, mnarudi nyuma mpaka shuka linyooke, mnalipiga mara moja, kisha mnakutana katikati na kukabidhiana. Debe na Kimya waliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika chumba cha dobi, mashuka arobaini kila Jumatatu na arobaini kila Alhamisi, bila hata moja kugusa sakafu. Kila walipokutana katikati vidole vyao viligusana, na hapo ndipo Kimya alipozungumza.

Maana Kimya hakuwa na maneno mdomoni. Alizaliwa hivyo na akakua hivyo. Maneno yake yalikuwa mkononi. Akikubinya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni sitaki, na akikubinya harakaharaka ujue anacheka, amemwona mpishi akionja mchuzi kwa kidole. Aliyeijua lugha hiyo yote ni Debe peke yake, naye aliwatafsiria wengine kwa sauti ya kufika barabarani. Ndiyo maana mpishi alimbandika jina hilo, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Mwenyewe hakuudhika. Alidhani ni sifa, kwamba yeye anasikika, na kwa kweli katika kituo kizima hapakuwa na mwingine aliyesikika.

Asije mtu akadhani kituo kinasifiwa hapa. Kilikuwa kituo cha wenye ulemavu wa akili, na kilikuwa kibaya. Kumbi mbili za vitanda ishirini ishirini, bafu lisilo na mlango, vichwa vyote vinanyolewa siku moja kwa mashine moja, nguo zinagawiwa kutoka kwenye rundo, leo umevaa gauni la huyu na wiki ijayo la yule. Debe aliletwa hapo ana miaka kumi na sita, mama yao alipofariki. Kaka yake, dereva wa lori, alisema angekuja kumchukua mambo yakitengemaa. Mambo ya kaka yakatengemaa, akaoa, akajenga, na wifi akaona nyumba haina nafasi. Kwa hiyo aliyetaka kukifunga kituo kile alikuwa na haki mara mia. Ubaya ulikuwa katika alichokileta.

Aliyekuja kukifunga alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke kijana aliyetoka kozini, mpole, mwenye viatu safi na faili la bluu. Ungependa kumchukia, lakini hakukupa nafasi. Alisalimia kila mtu, hata wale ambao wageni wengine waliwapita kama fenicha. Ndani ya faili mlikuwa na fomu, na fomu nzima ilizunguka swali moja: mtu wa kawaida wa umri wake angefanya hivi? Siku ya kwanza alimsikia mpishi akimwita Debe mwanangu, akamvuta pembeni.

"Mama, huyu ana miaka arobaini na tatu. Si mtoto. Tumwite dada."

"Mimi nina sitini na moja," mpishi akasema, "na mama yangu akinipigia simu ananiita mwanangu. Nimwambie aache?"

Afisa akatabasamu, akaandika.

Lililofuata lilikuwa mikono. Debe na Kimya walikwenda kila mahali wameshikana, dobi, bafuni, mpaka kwenye foleni ya chakula. Afisa akasema watu wazima hawatembei hivyo. Mpishi, ambaye siku hizo alikuwa ameshaanza kuchoka na faili lile, akamwonyesha dirishani. Nje walikuwa wanapita wanawake wawili, wazima wa akili na wa miaka, wameshikana vidole na wanawateta watu bila haraka.

"Nawaona," afisa akasema. "Lakini hao wakishikana, watu wanaona marafiki. Hawa wakishikana, watu wanaona wagonjwa waliotoroka. Ndiyo maana hawa inabidi wawe kawaida kuliko sisi."

Alisema kwa huruma kabisa, na mpishi akarudi jikoni. Baadaye, akiosha sufuria, jibu lilimjia: kwa nini basi wasipelekwe kozi hao wanaotazama? Lakini afisa alikuwa ameshaondoka.

Kituo kilipofungwa kila mtu alipangiwa nyumba ya mtaani, na kwa sababu hiyohiyo wawili wale hawakupangiwa nyumba moja. Wakikaa pamoja wanaonekana kundi, ilisema fomu, na mmoja mmoja wanapotea ndani ya jamii. Kupotea lilikuwa neno zuri katika fomu ile. Kaka yake Debe aliitwa kutia saini. Akatia, akampa dada yake pakiti ya biskuti, akasema lori linamsubiri. Debe akawekwa nyumba ya upande huu wa mji na Kimya ng'ambo ya pili, mabasi mawili na mwendo wa miguu kidogo.

Nyumba ilikuwa nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Chumba kimoja chenye mlango, bafu lenye mlango, kitanda, kabati lenye nguo ambazo hakuna mwingine aliyezivaa. Na ufunguo. Debe hakuwahi kushika ufunguo wake maishani, na siku ile alifunga akafungua, akafunga akafungua, mpaka dada wa zamu, aliyelipwa kuja asubuhi na kuondoka alasiri, akacheka naye. Aliuvaa shingoni kwa kamba. Kisha akakaa kitandani, akatazama huku na huku.

"Kimya analala wapi?"

"Ana kwake. Kama ulivyo na kwako."

"Na nani anamsikia?"

Dada wa zamu akasema chai inapoa.

Majirani walikuwa watu wa kawaida, wale ambao Debe aliletwa apotee kati yao. Walimwacha apotee kwelikweli. Asubuhi alisimama mlangoni akawaamkia mmoja mmoja kwa sauti yake ile, na waliitikia huku wakiongeza mwendo. Wiki ya pili mama wa nyumba ya pili alimwomba dada wa zamu amwambie yule mgonjwa asipige kelele. Afisa akaleta zoezi la sauti: ongea kama vile mtu yuko karibu. Debe akajizoeza. Ila hapakuwa na mtu karibu.

Kazi alipangiwa kwenye nyumba ya wageni, chumba cha dobi, kwa kuwa alikuwa na uzoefu. Alipewa mwenzake wa kukunja naye mashuka, msichana mwepesi aliyekunja huku simu imebanwa baina ya sikio na bega. Msichana alivuta kabla Debe hajashika vizuri, shuka likaanguka. Likafuliwa tena, likaanguka tena. Walipokutana katikati msichana alimpokonya ncha bila kumgusa, kama unavyopokea kitu kwa mtu mwenye mafua. Mwisho msimamizi akamtoa kwenye mashuka, akampa foronya. Foronya unakunja peke yako. Afisa akaandika kwamba dada ameongezewa uhuru kazini.

Habari za Kimya zilifika kwa vipande, kupitia kwa dada wa zamu, ambaye alikuwa na shoga yake anayefanya kazi nyumba ya kule. Hataki kuoga. Anakaa sakafuni. Anaushika mkono wa kila anayeingia, nao wanaunyofoa kwa adabu kama walivyoelekezwa. Sasa ameanza kuuma mkono wake mwenyewe, palepale kwenye kiganja. Debe aliposikia hilo alilia, kilio kile cha kupiga mayowe, na mama wa nyumba ya pili akaja tena kulalamika.

Afisa alikuja mbio. Na hapa ndipo alipotenda wema wake mkubwa, na wema huo ndio uliowamaliza. Alipekua kanuni zake akapata kipengele: wawili wanaweza kuishi pamoja wakiomba, jopo likiridhika kwamba kila mmoja ana mwenendo wa kawaida na kwamba baina yao kuna uhusiano wa maana. Jopo lingekaa baada ya miezi sita. Akamketisha Debe, akamweleza taratibu.

"Yaani nikiwa kawaida," Debe akasema, "Kimya analetwa."

"Ukiwaonyesha, nina matumaini makubwa."

Debe hakujua matumaini makubwa yanapimwa wapi. Alichosikia ni ahadi. Alimwendea dada wa zamu, akamwambia anataka kuwa kawaida, aanze leo.

Hajawahi kuonekana mwanafunzi kama yule. Alijifunza kutembea bila kuzungumza peke yake. Alijifunza kucheka mdomo umefungwa, na kutokumuuliza mtu swali lilelile mara mbili. Ufunguo aliuvua shingoni akautia mkobani. Gumu kuliko yote lilikuwa mkono, kwa kuwa miaka kumi na tisa alipewa mkono akakaa nao asikilize. Dada wa zamu alimfundishia mezani, kila asubuhi kabla ya kazi. Mpe mkono, mtazame usoni, habari yako, nafurahi kukuona. Halafu unahesabu moyoni: moja, mbili, achia.

"Moja, mbili, achia," Debe akarudia. Mwanzoni alifika mpaka tano. Mwezi wa nne alikuwa hakosei kamwe. Mwezi wa tano alisukuma kitanda chake ukutani, akabaki na nafasi ya kitanda kingine. Akaipima kwa hatua zake, akaridhika.

Siku ya jopo alivaa blauzi yenye kola. Meza ndefu, watu watatu, mwenyekiti mwenye miwani. Kaka yake alikuwa ameketi pembeni na kofia magotini. Mlango ukafunguliwa, akaingizwa Kimya, amekonda, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alipomwona Debe koo lake lilitoa sauti, yeye ambaye sauti yake ilikuwa haisikiki mwaka mzima.

Mwili mzima wa Debe ulitaka kwenda. Ulitaka kuruka meza ile, kumkumbatia, kumkagua bandeji, kumuuliza nani, lini, kwa nini. Akaushika mwili wake. Aliinuka taratibu, akavuta sketi, akaenda hatua kwa hatua.

"Habari yako? Nafurahi kukuona."

Akampa mkono. Kimya aliupokea kwa mikono yake yote miwili na akaanza kubinya. Debe alilisikia neno la kwanza likija kiganjani. Moja, mbili, akaachia. Akarudi kitini, akaweka magoti pamoja, akamtazama afisa aone kama amepatia. Afisa akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Mikono ya Kimya ilikuwa bado iko mbele, hewani.

"Huyu ni nani kwako, dada?" mwenyekiti akauliza.

Alikuwa amefundishwa kujibu kwa ufupi. "Ni mwenzangu wa zamani, kazini."

Kaka akaulizwa. "Si ndugu yetu huyo," akasema. "Walikuwa pamoja tu huko." Hakusema uongo, maskini.

Kimya naye akaulizwa, kwa kuwa haki ni kwa wote. Mwenyekiti aliinama akamuuliza polepole kama angependa kuishi na dada huyu. Kimya akamnyooshea mkono na kumbinya mara moja, kwa nguvu zake zote. Mwenyekiti akafurahi, akautikisa vizuri, akauachia.

"Anasema—" Debe akaanza. Sauti ilimtoka kubwa, ile ya zamani. Afisa akamgusa bega. Debe akaishusha mpaka ikawa ya kawaida, akamaliza sentensi yake, na hakuna aliyeisikia. Kimya alikuwa ameshaketi sakafuni na bandeji mdomoni. Wakamtoa.

Barua ilikuja baada ya siku nane. Afisa aliileta mwenyewe, akamsomea mezani, palepale alipojifunzia mkono. Dada amefaulu vipengele vyote. Amezoea maisha ya kujitegemea kwa kiwango cha kupigiwa mfano. Ama kuhusu ombi, jopo halikuona dalili ya uhusiano wa pekee baina ya wahusika. Mwenzake, kwa kushindwa kumudu maisha ya kawaida, amehamishiwa kituo cha mkoa mwingine, chenye uangalizi wa karibu.

Kituo! Kumbe vituo vilikuwa bado vipo, kwa ajili ya wasiofaulu.

Debe alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliye karibu:

"Nimefaulu?"

"Umefaulu, dada. Hongera sana."

"Basi Kimya analetwa lini?"

Afisa alivua miwani ya jua aliyokuwa ameipandisha kichwani, akaiweka juu ya faili. Akamweleza upya, kwa maneno madogomadogo, na macho yake yalikuwa mekundu, tusimsingizie. Akamalizia kwa kumwambia jambo alilodhani ni la kumfariji.

"Dada, angalia ulivyobadilika. Umeweza kuishi bila yeye."

Debe akauvuta mkoba wake. Akaufungua, akatoa ufunguo, akauweka mezani, na kuusukuma mpaka ukagusa barua.

"Basi nitaacha kuweza," akasema, "mnipeleke huko aliko."

Akateremka kitini, akaketi sakafuni, akauleta mkono wake mdomoni.