Gia ya Mwalimu

Juzi niliposhuka Mikumi kunyoosha miguu, nilipita karibu na gereji nikanusa ile oili nyekundu ya gia. Basi, rafiki yangu, nikajikuta nimerudi uani kwetu Kilosa bila kutaka.

Zilikuwa enzi za ruksa. Magari ya mtumba yalianza kuingia, na mwalimu jirani yetu akaleta moja kutoka Dar es Salaam, lisilo na klachi ya mguu. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Kabla mwaka haujaisha likagoma: injini inanguruma, gari halisogei. Baba alikuwa fundi wa malori. Gia ya namna ile hakuwahi kuifungua, lakini alikubali.

Vyuma alivipanga mkekani barazani. Mimi, binti yake mkubwa, niliviosha kwa mafuta ya taa, huku moshi wa kuni mbichi za mama ukituwasha macho. Klachi ilikuwa ndani ya gia yenyewe: sahani nyembamba zilizopangwa kwa zamu, ya chuma, kisha yenye bitana ya kushikia, kisha ya chuma tena. Bitana zilikuwa zimeungua. Mpya zilipofika, baba alizilowesha kwenye sufuria ya oili. "Ukikosea mpangilio," alisema, "umekosea gari zima."

Asubuhi ya kuifunga gia akaja muuza mkaa kutoka Kisanga, kijijini kwa bibi, mama yake baba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Mdogo wako kanituma. Mama kazidiwa. Anakuulizia."

Mama yangu akatoa baiskeli ndani. "Baba watoto, nenda."

Baba aliitazama baiskeli, akautazama mkeka. "Nikienda na hiyo, nitambebaje mpaka hospitali? Nikimaliza hii, mwalimu atanipa gari."

Nilitumwa kwa mwalimu, naye akakubali palepale. Nami niliona baba yuko sahihi. Hata leo naona hivyo.

Hatukula mchana. Baba alipanga sahani moja moja, akazikandamiza springi kwa uzito wake wote, nami nikaisukumiza ringi ya kufungia kwenye mfereji wake. Iliruka, tukaitafuta mchangani, tukarudia. Mwisho, ili kuijaribu, akapuliza upepo kwa pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili. Tok! Sahani zikabanana. Baba akacheka kwa sauti.

Kesho yake, gia iliporudishwa, tukaenda Kisanga, mwalimu akiendesha. Gari lilikwenda vizuri ajabu, hata kwenye matope.

Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka. Baba mdogo akatujia.

"Tumeshamzika, kaka. Alikuulizia mpaka jana jioni."

"Nilikuwa nafunga gia," baba alisema.

Niliketi na wanawake, nikapewa wali na maharage, nikala nikamaliza. Niliyasubiri machozi, hayakuja. Nje watoto walikuwa wakilipapasa gari. Tulirudi Kilosa, na baba hakuizungumzia safari ile tena mpaka alipofariki.

Siku hizi gia ikifa wanaitoa nzima, wanaweka nyingine. Uani kwetu pamejengwa maduka. Nyumba ya bibi iliangushwa na mvua, shamba likalimwa juu yake. Tukipita Kisanga, ndugu zangu wanasema mlango ulitazama mtoni. Mimi nasema ulitazama barabarani. Tunabishana kidogo, kisha tunaendelea na safari.