Hewa Nyepesi

Kihesa nzima ilimwita Himalaya, naye akaitika. Jina lake la ubatizo lilikuwa Liberatus Kalinga, lakini ukiuliza Kalinga kilabuni uliulizwa Kalinga yupi. Ukisema Himalaya, watu walibanana kwenye benchi apate pa kukaa, na kata ya kwanza ya ulanzi, pombe ya mianzi, ilimfikia kabla hajavua kofia.

Alikuwa mpishi wa misheni pale Iringa, mtu mfupi, safi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Wakati wa vita alikwenda na Keya, jeshi la Mwingereza, hadi Bama, na mwaka 1946 akarudi na koti la jeshi na hadithi moja. Kapteni wake, alisema, alikwenda likizo kupanda Himalaya, akamchukua yeye ampikie na kumsaidia mizigo. Walipanda hadi theluji ikawafika kiunoni. Kapteni alipozidiwa, Kalinga alimfunga blanketi akamburuta kama gunia mpaka chini.

Sipendi kumzungusha msomaji, kwa hiyo niseme mapema: Kalinga hakuikanyaga Himalaya hata kwa kidole. Wakati huo alikuwa hospitali ya jeshi, huko India, tambarare kabisa, anatetemeka kwa malaria. Aliyemburuta kapteni alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, Isakwisa, Mnyakyusa wa huko Mbeya, ambaye baridi ilimla vidole viwili vya mguu. Kwa wiki tatu Isakwisa alisimulia na Kalinga akasikiliza.

Wala hakukusudia kuiba. Mara ya kwanza kilabuni alianza vizuri tu: "Rafiki yangu mmoja..." Mtu akamkatiza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Aliona haya kusema alikuwa amelala na chombo cha kutapikia kifuani. Akajibu, "Nilikuwa naye." Juma lililofuata yule rafiki hakuwamo tena katika hadithi.

Miaka tisa ikapita hivyo, na huenda angezikwa nayo. Lakini mwaka 1955 Padre Ambrosi, Mwitaliano wa misheni, akapewa likizo ndefu. Alikuwa mwana wa wakulima wa mpunga, mtu wa bondeni, na tangu utoto milima aliitazama kwa mbali. Sasa aliazimia kwenda Himalaya na binamu zake wawili: meli hadi Bombei, kisha garimoshi, kisha miguu. Akamwita mpishi wake ofisini.

"Kalinga, wewe njia unaijua. Utatuongoza."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Kalinga alisema, "Ndiyo, Baba."

Kila alasiri wakakaa na ramani. Kalinga alishauri mablanketi, unga, chumvi, viatu vya akiba. Yote haya aliyapata kitanda cha pili. Wakafika kwenye hesabu ya siku. Padre alisema kitabu chake kinataka watu wapande polepole na kupumzika kila baada ya siku chache. Kalinga akacheka, tena kwa kiburi ambacho baadaye kilimchoma kila alipokikumbuka.

"Baba, vitabu huandikwa na watu wazito. Kule juu hewa ni nyepesi! Mwili unakwenda wenyewe. Siku tano zinatosha kufika juu kabisa."

Alikumbuka barabara maneno ya Isakwisa: hewa ya kule nyepesi sana. Na hewa nyepesi kwa Kalinga, Mhehe aliyejifunza Kiswahili kambini, ilikuwa sawa na kazi nyepesi au mzigo mwepesi. Padre akaandika: siku tano.

Siku moja Padre akaja jikoni anang'aa. Alikuwa ameulizia misheni za Mbeya kama kuna askari mwingine aliyeifahamu milima ile, ili Kalinga apate mwenzake. Amepatikana! Anaitwa Isakwisa, atashuka kwenye basi Ipogolo, chini ya mji, Jumanne.

Kalinga alikwenda kumpokea mwenyewe, ameshaandaa maneno ya kumwomba asimfichue. Isakwisa akateremka kwenye basi akichechemea, akamkumbatia na kumwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, Kalinga! Kumbe bado hujafa?"

Kilima cha kupanda mjini ni kirefu, nafasi ilikuwapo. Kalinga alifungua kinywa mara tatu. Mara zote tatu aliulizia mahindi ya Mbeya.

Ofisini Padre alikuwa na furaha mno. Akamsimulia mgeni yote: kapteni, theluji, blanketi, namna Kalinga alivyomburuta. Isakwisa alimtazama Kalinga, na Kalinga akatazama mguu ule wenye vidole vitatu.

"Na kufika juu," Padre akamaliza, "Kalinga anasema siku tano, kwa kuwa hewa ni nyepesi."

"Siku tano?" Isakwisa akashtuka. "Baba, hilo kaburi! Nyepesi maana yake haitoshi. Unaivuta, kifua kinabaki kitupu. Kapteni tulimpandisha kwa siku saba, akaanza kuongea na marehemu mama yake. Inataka siku kumi na tano, labda zaidi."

Padre akamgeukia mpishi wake, uso umempauka. Isakwisa akawahi kusema, kwa upole, "Ndugu yangu alipata homa kali sana baadaye, Baba. Homa inafuta mambo. Asilaumiwe."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa na mwenye mali mwenyewe. Padre akapumua. "Kumbe! Basi mtatuongoza wote wawili."

Kalinga aliitazama ile karatasi: siku tano, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyemwamini. Watu watatu wangekufa kwa neno lake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni.

"Baba, mimi sikuwapo," alisema. "Hadithi ni ya huyu. Mimi nilikuwa nimelala tu."

Padre hakumfokea, ingawa Kalinga alitamani afokewe. Alichukua penseli, akalifuta jina la Kalinga kwenye ile karatasi, kisha akauliza kama kuna chai. Kalinga akaipika, akamwandalia Isakwisa kwanza.

Asubuhi yake alimsindikiza mgeni hadi Ipogolo, kwenye basi la kurudi Mbeya. Njiani Isakwisa akasema:

"Nikuulize. Miaka yote hiyo ukisimulia, mimi ulinitaja?"

"Hapana."

"Hata kama mgonjwa wa kitanda cha pili?"

"Hapana, ndugu yangu."

Isakwisa akatikisa kichwa. "Na mimi kule nyumbani kila nikisimulia nakutaja. Nasema kulikuwa na Mhehe mmoja, msikivu sana." Akapanda basi.

Jioni ile Kalinga aliingia kilabuni akabaki amesimama. Akawaambia wote kwamba yeye si Himalaya, kwamba Himalaya ni Isakwisa wa Mbeya, na kwamba yeye alilala hospitali na malaria. Mzee Bartholomeo akapiga goti lake kofi kwa furaha.

"Mnamwona? Mtu aliyefika kweli hana majivuno!"

Wakasogea kwenye benchi, na kata ya ulanzi ikaletwa.