Mafuriko Niliyoyatunga

Baba alikuwa akirudi nyumbani na harufu ya mchanga mbichi. Haikuwa harufu ya vumbi, maana vumbi tulilijua vizuri na lilikuwa letu mwaka mzima. Hii ilikuwa harufu ya ubaridi, ya kitu kilichofukuliwa kutoka chini kabla ya wakati wake, na ilikaa kwenye shati lake, kwenye nywele zake, hata kwenye kikombe chake cha chai. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Mbumbuni, juu kidogo ya mto ambao mgeni angeuona akadhani ni barabara pana ya mchanga iliyosahauliwa na serikali. Maji ya kuonekana yalipita wiki chache tu wakati wa mvua. Siku nyingine zote yalijificha chini ya mchanga, na mama yangu na wanawake wenzake walijua mahali pa kuyatafuta. Walichimba visima vifupi kwa mikono, wakapiga magoti, wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata mpaka mtungi ukajaa. Baba naye, pamoja na wanaume kadhaa, alichimba mchanga huohuo kwa sepetu kwenye kona ya mto, ng'ambo, ambako malori yaliweza kuteremka. Mchanga ulipelekwa Nairobi kujenga maghorofa. Kwa miaka mingi pande hizo mbili hazikugombana. Lakini mwaka niliokuwa darasa la saba, visima vya wanawake vilianza kugonga mwamba.

Mwaka huohuo tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Kimeu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa na viatu vilivyong'aa kuliko kitu chochote shuleni. Kitabu chake tulikigawana watano watano. Kilikuwa na sura ya majanga ya asili: tetemeko la ardhi, volkano, kimbunga, mafuriko. Baadaye ilikuja sura ya majengo ya ajabu, yenye minara mirefu, madaraja yaliyoning'inia kwa nyaya, na makuba yaliyonakshiwa. Wengi wetu hatukuwa tumepanda ngazi za jengo lolote, ila tuliweza kusema kwa Kiingereza msingi ni nini, ukuta unabeba nini, na kwa nini mnara hauanguki. Mtindo wa Mwalimu Kimeu ulikuwa mmoja tu. Insha iliyopata alama nzuri ilikaririwa neno kwa neno, kisha mwenyewe akasimama mbele ya darasa na kuitoa bila kutazama daftari. Insha yangu ya mafuriko ilinipeleka mpaka mbele ya darasa la nane. Ndani yake maji yalinguruma kama simba, yaling'oa miti mikubwa, yalibeba madaraja na ng'ombe, na hayakubakisha kitu. Kwa kweli sikuwahi kuona hata nusu ya hayo. Niliyapenda tu kwa sababu yalinipa makofi, na pia, ninakiri, kwa sababu kwenye majanga ya kitabuni hakuna mtu aliyekuwa na makosa.

Nyumbani mambo yalikuwa yamechacha. Mama alikuwa kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kulima na kuchimba matuta kwa zamu, na alikuwa amesikia kuna watu wanaojenga ukuta wa zege kukata mto, ili mchanga ujazane nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga hata kiangazi. Alituma ujumbe kupitia kanisani kwamba waje watazame mto wetu. Baba alisikia hayo na akaendelea kula chakula chake. Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba ukuta na malori haviwezi kukaa mto mmoja. Na kulikuwa na jambo lingine lililoninyima raha. Polisi walikuwa wameanza kuwakamata wapakiaji wa mchanga, na mwenzake Baba alikuwa amelala korokoroni siku nne. Alirudi kwao akiwa hana sauti. Tangu siku hiyo, kila gari lililosimama karibu na kwetu lilinifanya nitazame mlango.

Wageni walikuja asubuhi moja ya Agosti, ardhi ikiwa nyeupe kwa ukavu. Alikuwako mhandisi Mzungu, mzee mwenye kofia pana na magoti mekundu, na kijana Mkamba wa kumtafsiria. Kabla hata hawajafika mtoni gurudumu la gari lao lilipasuka, la akiba nalo halikuwa na upepo, na kijana huyo akalazimika kwenda nalo Mbumbuni likazibwe. Mhandisi hakutaka asubuhi yake ipotee. Alitembea mpaka shuleni akaomba mtu wa kumsaidia, na Mwalimu Kimeu, ambaye alikuwa na mtihani wa kusimamia, aliniita kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

"Ndunge! Wewe kuja hapa. Huyu mgeni anaenda mtoni kuongea na akina mama. Utamtafsiria. Ongea ile English ya insha, na usituangushe."

Nilitembea mbele ya Mzungu yule nikiwa na kiburi ambacho leo kinanichoma. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya visima vyao, na Mama alisimama alipotuona. Alishangaa kuniona mimi, kisha nikaona amefurahi. Mhandisi aliuliza swali moja: mchanga wa mto huu umeenda wapi, mbona mwamba uko wazi? Niliuliza kwa Kikamba. Wanawake walitazamana. Ndipo Mama akajibu, polepole, akiwa amemkazia macho mgeni na si mimi.

"Mwambie mchanga umebebwa na malori. Mwambie sisi wenyewe ndio tunaouuza. Mume wangu ni mmoja wao, anapakia hapo kwenye kona, na mimi ndiye mke wake ninayesema. Mwambie wakitujengea ukuta, sisi akina mama tutalala kwenye ile njia malori yasipite."

 Kumtaja mume mbele ya mgeni hivyo, na kwa kosa la kufungiwa, halikuwa jambo dogo. Nilimtazama Mama nikaona mikono yake imeshikana mbele ya kanga. Nikageuka kwa mhandisi, ambaye alikuwa amefungua daftari lake na kuinua kalamu, na nilichokiona si daftari la mhandisi. Niliona daftari la polisi, na Baba ndani ya korokoroni, akitoka bila sauti. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia kwamba yalikuwa mafuriko.

Aliuliza tena, mafuriko makubwa kiasi gani? Basi nikampa insha yangu yote. Nilisimama mchangani, mikono nyuma, kama mbele ya darasa la nane, nikamwambia jinsi maji yalivyonguruma kama simba, yakang'oa miti mikubwa, yakabeba daraja na ng'ombe na yasibakishe kitu. Nilikuwa nimeikariri vizuri kiasi kwamba sikukwama hata mara moja. Wanawake waliona mtoto wao akimwaga Kiingereza kama maji na wakatikisa vichwa kwa fahari, wakiamini kwamba maneno marefu ya Mama ndiyo yaliyohitaji Kiingereza kirefu hivyo. Mama alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Aliona kwamba mwanawe amemsaidia kusema jambo gumu.

Mhandisi aliandika muda mrefu. Alitembea mpaka katikati ya mto, akagonga mwamba kwa kisigino, akarudi. Aliniambia Kiingereza changu ni kizuri sana. Kisha akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba ni bahati mbaya: mto wenye mafuriko ya nguvu namna hiyo hauwezi kujengwa. Msingi utachimbuliwa, ukuta utasukumwa, na watu wanaokaa upande wa chini wa mto wataumia. Nilielewa kila neno. Msingi, ukuta, kusukumwa, kuanguka, yote yalikuwa kwenye ile sura ya majengo ya ajabu, na mimi ndiye niliyepata alama zote katika zoezi lake. Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba nimedanganya. Nafasi ilikuwepo, mzee yule alikaa juu ya jiwe akanywa maji, akaufunga mkoba wake bila haraka. Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema ataenda kufikiria. Yule kijana aliporudi na gurudumu, jua lilikuwa limekuwa kali, wakaondoka bila kuongea na mtu mwingine.

Ukuta ulijengwa mwaka uliofuata, huko upande wa Kalamba, kwenye mto mwingine. Habari iliyotufikia ilikuwa fupi: mto wenu haukufaa. Hakuna aliyeeleza sababu, kwa hiyo watu walijitafutia. Ilisemekana kwamba Mama Ndunge ndiye aliyeharibu, kwamba alimwaga mtama mbele ya Mzungu, na nani angewajengea watu waliojitangaza kuwa wezi wa mchanga wao wenyewe? Wanawake walewale waliokuwa wametikisa vichwa kwa fahari walianza kumwacha nyuma njiani. Uongozi wa mwethya ulipewa mwingine. Baba alipata habari ya alichokisema mkewe, na tangu hapo mpaka mvua za Novemba hakumwita kwa jina. Alizungumza naye kupitia kwangu. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mimi, mtafsiri hodari, nilipeleka maneno kutoka kiti kimoja hadi kingine katika chumba ambamo kila mmoja aliweza kumsikia mwenzake. Niliona yote hayo nikiwa na midomo yangu miwili mizima, na sikusema. Niliogopa kupigwa mwanzoni. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimechelewa, na woga huo wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unakua kila siku.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiingereza, katika shule moja upande wa Ikutha. Majanga ya asili na majengo ya ajabu bado yamo vitabuni, ila wanafunzi wangu hawahitaji kuyakisia kama sisi. Wameona kwenye simu mnara ukiyumba kwa tetemeko na jiji likizama. Wanaandika insha nzuri kuliko yangu. Siku hizi mchanga una sheria za kaunti, na vijana hawapakii mchana kweupe kama Baba, ambaye ni marehemu na hakuwahi kukamatwa. Mto wetu ni mwamba kutoka ukingo hadi ukingo. Mama, kwa umri wake, hununua maji yanayoletwa kwa punda na kijana ambaye hajui kwamba pale mtoni aliwahi kukaa mtu akateka kwa kata.

Likizo ya Aprili nilimweleza Mama. Tulikuwa tunachambua pojo mlangoni, na nilisema kila kitu kuanzia kwenye gurudumu lililopasuka. Nilitarajia anitukane au alie. Mama aliendelea kuchagua vijiwe, akavitupa uani, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo yale maneno yangu hayakufika kwa yule mzee?"

"Hayakufika, mwaitu, mama yangu."

 Nikaelewa kwamba kwa miaka hiyo yote alikuwa ameamini alisema ukweli ukasikika ukakataliwa, na kwamba pengine majirani walikuwa na haki ya kumlaumu. Alikuwa amejilaumu pia. Nililia mimi, si yeye.

"Wale wanawake wa mwethya wengi wameshazikwa," akasema mwishowe. "Wamebaki watatu. Utaenda kwa kila mmoja, ukae chini, umwambie nilichosema siku ile na ulichosema wewe. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo nikisikiliza kama unakitoa chote."

Tumeshakwenda kwa wawili. Wa tatu ni mgonjwa, watoto wake wanasema hatambui watu tena, na Mama amesema twende hivyo hivyo.