CV za Placide zenye muhuri

Placide anachapa CV za watu mjini Baraka, huu mwaka wa tisa, katika chumba kimoja kando ya soko chenye kompyuta mbili na paneli ya jua. Mimi nauza vocha za simu mlangoni pake, kwa hiyo kiburi chake nakijua vizuri. CV ikitoka kwake ina picha, ina mistari ya rangi, ina sahihi. Kisha anakutuma ofisi ya komini ikapigwe muhuri, anaipiga skani, na skani hiyo ndiyo anayoituma kwenye mtandao. Karatasi isiyo na muhuri, husema, ni ya kufungia karanga.

Mdogo wake Arlette alisomea kilimo. Placide alimtengenezea CV ya namna hiyo kwa mashirika matano, na yote matano yakamkataa. Mwaka jana akakunja diploma yake, akaenda Lulimba kuwapikia wachimba dhahabu. Placide alisema binti hana subira. Iliniudhi.

Jumanne iliyopita akaja Florentine, muuguzi wa Nundu aliyehudumia wagonjwa wa kipindupindu kwa miaka minane. Mkataba wake unaisha mwezi huu, ameshakataliwa mara mbili, na maombi ya nafasi hii ya tatu yalikuwa yafungwe saa kumi jioni. Wateja wengi huacha karatasi na kuondoka. Huyu alivuta kiti, akakaa, macho kwenye skrini.

Placide akaituma skani ya CV yenye muhuri. Ukurasa ukafunguka kuonyesha kile mashine ya waajiri ilichosoma. Kazi ulizofanya: tupu. Shule: tupu. Akataka kubonyeza aendelee, kama kawaida yake.

« Ngoja kwanza, papa Placide. Mbona iko wazi? »

« Ile haina shida, mama. Kila siku iko vile. »

« Kila siku? Na miaka yangu munane iko wapi? »

Skani ni picha tu, na ile mashine inayochuja maombi kabla mtu hajayagusa ilitaka maandishi. Hata muhuri haikuuona.

Wakaanza upya, maandishi matupu. Picha ikatolewa, rangi zikatolewa, majedwali yakatolewa. Mahali Placide alipokuwa ameandika « kusaidia wagonjwa », Florentine alimwambia aweke maneno yaleyale ya tangazo la kazi, maana ndiyo kazi aliyoifanya kweli. CV ikabaki haina sura, kama orodha ya kwenda nayo sokoni. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili wakaituma, na safari hii kila kisanduku kikajaa.

Ijumaa Florentine akaitwa kwenye usaili. Wakamwambia aje na nakala yenye muhuri. Nilicheka mpaka vocha zikanitoka mikononi.

Placide hakucheka. Aliazima simu yangu, akampigia Arlette, akamweleza yote bila kujitetea, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Spika ilikuwa wazi. Huko Lulimba kulikuwa na kelele za masufuria, kisha zikatulia. Arlette alikuwa ametoka nje.

« Yaya, » akamwita kaka yake, « mi nilikuwa nawaza ni miye siko na akili. »