Kimanga cha Toronto

Mwandawiro wa Mbololo amewapikia madereva wa malori pale Maungu kwa miaka ishirini na miwili. Ndege huziona zikipita juu, nyembamba kama sindano, na hakuwa na haja nazo mpaka bintiye Abby alipojifungua huko Toronto. Abby alipiga simu akasema hakuna chakula kinachomshuka, anataka kimanga. Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kazi ya kumpikia mzazi ikamwangukia baba.

Jirani yake Ndanu, nesi, alikuwa anarudi kazini huko huko Jumatatu, akakubali kukibeba. Shida ni kwamba kimanga hakijui kungoja.

Mwandawiro aliitazama tiketi ya Ndanu. Kutoka Nairobi saa tano usiku, kufika Toronto saa tisa alasiri kesho yake. Akahesabu kwa vidole: saa kumi na sita. Akaongeza kumi za treni na za kungoja uwanjani. Ishirini na sita.

Vidole hakuviamini sana. Alhamisi saa saba mchana aliponda ndizi na maharagwe, akaunga kwa kitunguu na nyanya, akakifunga na kukiweka juu ya kabati kwa saa zile ishirini na sita, aone kama kitachacha.

Jioni jirani mwingine, Festus, akachungulia. "Kimefika wapi?"

"Nairobi. Kinangoja kupanda."

Asubuhi akarudi. "Na sasa?"

"Kiko angani."

"Kimepewa chai?"

"Hakinywi chai."

Ijumaa saa tisa alasiri Mwandawiro akafungua, akaonja. Kitamu. Akamwita Ndanu naye aonje. Ndanu alipoelezwa hesabu, alicheka mpaka akaketi.

"Baba Abby, huko jua linatufuata nyuma kwa saa saba! Saa tisa yao, hapa ni saa nne usiku. Njiani tunakaa saa ishirini na tatu."

Mwandawiro akafunika tena. Saa nne usiku alipofungua, kimanga kilikuwa kimechacha, kinatoa povu.

Akakimwaga. Chakula cha madereva wa safari ndefu hakitiwi nyanya wala kitunguu, analijua hilo kuliko jina lake, ila safari hii alikuwa akimpikia mtoto. Jumamosi saa saba mchana akapika upya kwa chumvi na mafuta tu, akakiacha kipoe kabisa ndipo akafunika. Jumapili saa nne usiku kilikuwa kizima. Jumatatu akapika vivyo hivyo, akamkabidhi Ndanu.

Jumatano asubuhi simu ikalia.

"Baba, kimefika."

"Kimechacha?"

"Hapana. Lakini kimepooza. Ulikosa kitunguu?"

"Kimetoka kilomita elfu kumi na mbili. Hata wewe ulifika huko umepooza."

Abby alicheka, mdomo umejaa. Akasema amekula nusu, na iliyobaki anaiweka mpaka kesho.

Mwandawiro akatazama saa ya ukutani, akahesabu, safari hii pamoja na zile saba.

"Maliza sasa hivi," akasema.