Kichwa Kimoja, Wenyewe Watatu

Msusi huyu si mtu wa kushindwa na jambo. Mtoto anayelia kabla hata hajaguswa, nywele zilizoungua kwa dawa, mteja anayebadili mawazo kazi ikiwa nusu, wote hao anawamudu huku anapiga soga. Lakini asubuhi ile alisimama katikati ya saluni yake, kitana mkononi, akaisoma simu mara ya pili na bado hakuelewa kitu. Picha ya bibi harusi, ile aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa imeondolewa kwenye ukurasa wake kwa malalamiko ya mwenye hakimiliki. Akirudia, ukurasa utafungwa. Na wateja wake karibu wote humpata huko huko mtandaoni.

Mwenye hakimiliki, kumbe, ni mdogo wa mume wake, mpiga picha za harusi. Alimpigia palepale.

"Shemeji, yaani umenishtaki?"

"Nilikupigia hukupokea. Nikakuandikia, ukanijibu kwa kikatuni kinachocheka."

"Si nilidhani unatania! Kichwa nimesuka mimi mpaka vidole vikafa ganzi. Bibi harusi ni mteja wangu. Wewe umebonyeza tu. Inakuwaje picha yako?"

"Nywele kazi yako, sura ya kwake, picha yangu."

"Kwa hiyo kichwa kimoja kina wenyewe watatu?"

"Ungeniomba, shemeji, ningekupa. Halafu ukakata jina langu pale chini."

Hilo hakulikana. Alilikata kweli, tena kwa moyo mweupe. Mkono wa msusi ukiona kitu kinaning'inia chini hautulii; aliona maandishi yanachafua picha, akayapunguza kama anavyopunguza ncha za nywele, akajisifu kwa usafi wake. Hivi jina la mtu nalo ni uchafu? Swali hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana shemeji huyohuyo anakula kwake kila Jumapili na hajawahi kuomba ruhusa ya kufunua sufuria.

Alikata simu akiwa amevurugwa kuliko alivyoanza. Aombe ruhusa ya kuonyesha kazi ya mikono yake mwenyewe? Akasirike, au aone haya? Alijaribu vyote viwili kwa pamoja, akaishia kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Mchana akaingia mteja mgeni, akajitupa kitini na kutoa simu.

"Dada, nataka hivi hivi. Huyu kasukwa na yule wa mtaa wa pili, ila leo kwake kumejaa. Utaweza?"

Kwenye picha alikuwa bibi harusi yuleyule. Pale chini, alipokata jina la shemeji, palikuwa pameandikwa jina la saluni nyingine kwa herufi za dhahabu.

Msusi akamgeukia. "Huyu nimemsuka mimi."

Mteja akatabasamu kwa upole, kama mtu asiyetaka ugomvi. "Sawa, dada. Wote mnasema hivyo."

Iliuma. Iliuma mpaka akakosa pa kuweka mikono. Akamwomba mteja amsubiri kidogo, akatoka mlangoni, akapiga simu. Alikuwa na maneno makali tayari, lakini shemeji alipopokea yakamtoka mengine kabisa.

"Shemeji, naomba ile picha yako. Kisha zungumza na mtu aliyeko hapa, umwambie nani alisuka."